Tumbo linanisumbua kwa miezi mitano sasa na dawa za dukani hazimalizi tatizo: ni lini mtu anapaswa kwenda hospitali?

#1 Mwalimu wa Ramani

Habari za jioni, wakuu. Mimi ni mwalimu wa sekondari, nina umri wa miaka 38, na ninaishi kijiji kimoja cha Sengerema, karibu na ziwa. Tangu mwezi wa kumi mwaka jana nina maumivu ya kuchoma chini ya chembe ya moyo, ambayo huja zaidi ninapokuwa na njaa na mara nyingi huniamsha usiku wa manane. Nikila kidogo tu tumbo linajaa gesi, na choo hakieleweki, kwani siku mbili kinakuwa kigumu na siku tatu kinakuwa laini. Nimetibiwa homa ya matumbo mara mbili na amiba mara moja, na mara nne nimenunua dawa za vidonda vya tumbo katika duka la dawa lililo jirani. Nikimeza omeprazoli ninapata nafuu kwa wiki moja, na nikiacha hali inarudi vilevile.

Ninaomba mnisaidie mambo mawili. Kwanza, tatizo hili linaweza kuwa nini? Pili, ni dalili zipi zinazomwambia mtu kwamba sasa aache duka la dawa aende hospitali kubwa, hata kama nauli na muda ni tatizo? Ninawasilisha.

#2 Binti Kilombero

Pole sana, Mwalimu. Maelezo yako yanafanana na yangu ya miaka mitatu iliyopita, na mimi nilikuwa na vidonda vya tumbo vilivyosababishwa na bakteria wanaoitwa H. pylori. Nilipimwa damu nikaambiwa ninao, nikapewa dozi ya dawa tatu za kumeza kwa siku 14. Siku ya tano nilijisikia mzima nikaziacha, kwa sababu zilikuwa zinaniachia ladha ya chuma mdomoni na kichefuchefu. Baada ya miezi miwili maumivu yalirudi kwa nguvu, nikalazimika kuanza upya kwa dawa nyingine na kumaliza siku zote. Omeprazoli peke yake hupunguza asidi tu na haiui wadudu hao, na ndiyo maana ukiiacha unarudi ulikotoka. Nenda kapime damu.

#3 Mzee wa Kahawa

Mwanangu Mwalimu, pole. Hilo ni chango, na chango halionekani kwenye vipimo vyenu. Mimi nina miaka 71, na tumbo la namna hiyo lilinitesa nikiwa kijana. Marehemu mama yangu aliniagiza kunywa maji ya kabichi mbichi iliyopondwa, kikombe asubuhi kabla ya kula chochote, na kuacha pilipili, maharage na mawazo. Nilipona na sijarudi nyuma hadi leo. Jaribu kwa mwezi mmoja kabla hujatumia mshahara wako hospitalini.

#4 Kijana wa Maabara

Shikamoo, Mzee wa Kahawa. Ninafanya kazi maabara, kwa hiyo niruhusuni nirekebishe mambo machache, nikianzia na dada yetu wa bandiko #2.

Kipimo cha damu cha H. pylori hutafuta kinga ambayo mwili ulitengeneza dhidi ya bakteria hao, na kinga hiyo hubaki kwenye damu miezi mingi, hata miaka, baada ya mtu kupona. Ndiyo maana aliyetibiwa vizuri akipimwa tena kwa njia hiyo ataambiwa bado anao, na ataendelea kununua dawa asizozihitaji. Kipimo kinachofaa zaidi ni kile cha choo, kinachotafuta chembechembe za bakteria mwenyewe, au kile cha kupuliza pumzi mahali kinapopatikana. Kabla ya kupima unapaswa kuwa umeacha omeprazoli kwa wiki 2 na dawa za kuua bakteria kwa wiki 4, la sivyo majibu yanaweza kusema huna wakati unao.

Kuhusu homa ya matumbo, Mwalimu, ninadhani ulipimwa Widal. Kipimo hicho kilibuniwa Ufaransa mwaka 1896, na katika maeneo ambako watu hukutana na vimelea vya jamii ya homa ya matumbo mara kwa mara, majibu huonyesha kuwa mtu anaumwa hata kama ana malaria, au hana ugonjwa wowote. Homa ya matumbo ya kweli huja na homa ya siku kadhaa inayopanda, na uthibitisho wake ni kuotesha damu maabara, yaani kuona kama bakteria watakua humo. Wewe hujataja homa hata mara moja. Amiba nayo ina mkanganyiko wake, kwa sababu yuko amiba asiye na madhara ambaye kwenye hadubini anafanana kabisa na yule wa hatari.

Mzee wangu, pilipili na mawazo huweza kuongeza maumivu, sikatai. Lakini mwaka 1984 daktari wa Australia, Barry Marshall, alikunywa mwenyewe mchanganyiko wenye bakteria hao, na baada ya siku chache utando wa tumbo lake ukawa umevimba. Mwaka 2005 yeye na mwenzake Robin Warren walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Hao wadudu wapo, na kabichi sijaona ikiwamaliza.

#5 Msomaji wa Kisumu

Ninaunga mkono #4. Huku kwetu ukiingia kwa kemisti ukisema tumbo linauma, unatoka na homa ya matumbo na brusela (ugonjwa unaotoka kwa mifugo) kwa pamoja, na mfuko wa dawa za wiki mbili. Dada yangu alitibiwa hivyo mara tatu ndani ya mwaka mmoja, kumbe ana mawe kwenye kibofu cha nyongo. Maumivu yake yalikuwa upande wa kulia chini ya mbavu, yakija baada ya chakula chenye mafuta mengi na kupanda hadi begani. Mwalimu, yako yanakwenda upande gani?

#6 Mvuvi wa Ukerewe

Ninyi nyote mnazungumza kana kwamba Mwalimu anaishi mjini. Amesema anaishi karibu na ziwa. Sisi tunaooga, kufua na kuvua katika Ziwa Viktoria tuna kichocho cha tumbo, ambacho si kile cha kukojoa damu kinachojulikana zaidi Pwani. Wadudu hutoka kwa konokono wa majini, hupenya ngozi, kisha hukaa kwenye mishipa ya damu ya utumbo na ini kwa miaka mingi. Mtu huona tumbo linauma huku na kule, choo kinabadilika, wakati mwingine kina damu au ute, na nguvu zinaisha. Watoto hupewa vidonge vya prazikwanteli shuleni, lakini sisi watu wazima mara nyingi tunasahaulika.

Ninasisitiza kwa sababu kaka yangu alikaa na ugonjwa huu hadi ini likawa gumu na bandama ikavimba. Ini likishakuwa hivyo, damu hukosa njia, mishipa ya chini ya umio inatanuka, na siku moja inapasuka. Yeye alitapika damu beseni nzima ndani ya mtumbwi. Tulimfikisha, lakini kwa shida.

#7 Nesi wa Zamu

Ninawasalimu. Nimesoma kuanzia juu, na kabla ya kuongeza jina la ugonjwa wa tano ningependa Mwalimu ajibu maswali, kwa kuwa majibu hayo ndiyo yatakayoonyesha haraka iliyopo.

Je, unatumia dawa za maumivu kama diklofenaki, ibuprofeni au aspirini, hata kama ni kwa ajili ya mgongo au kichwa? Je, uzito umepungua bila wewe kutaka? Chakula kinakwama unapomeza? Umewahi kutapika damu, au kitu kinachofanana na unga wa kahawa uliolowa? Rangi ya choo ikoje, hasa kama kimekuwa cheusi, kinanata kama lami na kina harufu kali isiyo ya kawaida? Unachoka au moyo kwenda mbio ukipanda kilima? Macho yamekuwa ya njano? Yupo ndugu wa damu aliyewahi kuwa na saratani ya tumbo?

Mtu yeyote anayejibu ndiyo kwa mojawapo ya haya hapaswi kuendelea kujitibu dukani, iwe ameumwa siku tatu au miezi mitano. Hata asiye na dalili hizo, kama ameshatumia dawa kwa mwezi mzima na tatizo linarudi, au kama tumbo limeanza kusumbua kwa mara ya kwanza akiwa amevuka miaka 50 hivi, anahitaji kuchunguzwa na daktari.

#8 Mama wa Mapacha

Samahani kwa kuingilia. Mimi mwanangu wa mwaka mmoja na nusu anaharisha kwa siku ya kumi na mbili sasa. Je, naye asubiri?

#9 Nesi wa Zamu

Mama wa Mapacha, kwa mtoto usisubiri kabisa. Kuharisha kukifikisha siku 14 huhesabiwa kuwa kuharisha kwa muda mrefu, na mtoto huwa anapoteza lishe pamoja na maji. Mpeleke kesho asubuhi. Kama macho yameingia ndani, hawezi kunyonya au kunywa, ana usingizi usio wa kawaida, anatapika kila kitu au choo kina damu, mpeleke usiku huu huu. Ukiwa njiani endelea kumnyonyesha na kumpa maji ya ORS kidogo kidogo kwa kijiko. Kama huna pakiti, changanya lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha, kwani chumvi ikizidi ni hatari kwake. Uliza pia vidonge vya zinki, ambavyo mtoto wa umri huo hupewa miligramu 20 kila siku kwa siku 10 hadi 14. Tafadhali usimpe dawa za watu wazima za kufunga tumbo.

#10 Mhasibu wa Dodoma

Mimi nina uzoefu tofauti. Kwa miaka miwili nilikuwa na gesi, maumivu, na choo cha kubadilika kama cha Mwalimu. Nilipimwa choo, damu, ultrasaundi na hata kamera ya tumbo, na kila kitu kilikuwa safi. Daktari alinieleza kwamba utumbo wangu una hisia kali kupita kawaida, na kwamba maumivu yangu ni ya kweli hata kama hakuna kidonda. Nilipoacha maziwa freshi nusu ya tatizo ilipungua. Alinifafanulia kuwa watu wazima wengi hupoteza uwezo wa kusaga sukari ya maziwa, ingawa katika jamii za wafugaji kama Wamasai wengi huubakiza, na kwamba mtindi huvumilika zaidi. Nusu nyingine ilipungua nilipobadilishwa kituo cha kazi. Mwalimu, chai yako ya asubuhi ni ya maziwa?

#11 Mzee wa Kahawa

Mnaona? Mhasibu amepimwa kila kitu kwa gharama kubwa na akaishia kuambiwa aache maziwa na mawazo, jambo ambalo mimi nililisema bure katika #3.

#12 Mtoto wa Bomet

Mzee wangu, ninakuheshimu, lakini niruhusu nieleze yaliyotupata. Baba yangu alianza na kiungulia. Alikunywa magadi, akanywa mitishamba, akanunua dawa za kupunguza asidi, na kila moja ilimpa nafuu ya siku chache. Kisha ugali ukaanza kukwama kifuani, akawa anausukuma kwa maji. Baadaye akaacha ugali akala uji, na sisi tukadhani ni uzee. Tulipompeleka hospitali ilikuwa imepita miezi tisa tangu ugali wa kwanza ukwame, na hata maji yalikuwa hayapiti. Ilikuwa saratani ya umio, ambayo eneo letu limejulikana kwayo kwa muda mrefu. Inahusishwa na tumbaku na pombe, na mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilitangaza kwamba vinywaji vya moto wa zaidi ya nyuzi 65 huenda vinachangia. Baba hakuvuta wala kunywa pombe, lakini chai yake ilikuwa lazima itoke jikoni ikichemka.

Sisemi Mwalimu ana ugonjwa huo. Ninachosema ni kwamba ile nafuu ya siku chache ndiyo iliyotupotezea miezi tisa.

#13 Mwalimu wa Ramani

Ninawashukuru wote. Ninajibu maswali ya Nesi.

Maumivu yako katikati, hayaendi begani. Chai yangu ni ya rangi. Kumeza ninameza vizuri. Mwezi wa nane mwaka jana nilianguka na pikipiki, na tangu hapo ninameza diklofenaki kwa ajili ya mgongo, karibu kila siku, wakati mwingine mara mbili. Sikuitaja kwa kuwa sikudhani inahusiana na tumbo. Uzito sijapima, lakini mkanda nimeuongezea matundu mawili. Na ndiyo, tangu Jumapili choo kimekuwa cheusi na kinanata. Nilidhani ni mboga za majani. Jana nilipumzika mara mbili nikipanda kutoka barabarani hadi shuleni, mwendo ambao kwa kawaida ninautembea huku nikizungumza na wanafunzi.

#14 Nesi wa Zamu

Mwalimu, acha kusoma uzi huu uende hospitali leo, si kesho. Mboga za majani haziwezi kufanya choo kinate kama lami. Vidonge vya madini ya chuma hukifanya kiwe cheusi, lakini hujasema kwamba unavitumia. Choo cha namna hiyo ni damu iliyotoka juu, tumboni au karibu yake, na kugeuzwa rangi njiani kwenye utumbo. Uchovu na kupumua kwa shida vinaonyesha kwamba kiasi kilichopotea si kidogo. Usimeze diklofenaki tena, wala aspirini. Usiendeshe pikipiki mwenyewe, kwa kuwa unaweza kuzimia. Beba pakiti za dawa zote ulizotumia, na ukifika sema maneno haya mapokezini kabla ya jambo jingine lolote: "Ninapata choo cheusi kama lami tangu Jumapili." Nenda na mtu mzima anayeweza kukuchangia damu.

#15 Mzee wa Kahawa

Mwanangu, kabichi isubiri. Nenda. Nilikuwa ninazungumzia tumbo la kawaida, na hili si la kawaida. Ukifika tuandikie hata neno moja.

#16 Kijana wa Maabara

Wakati tunamsubiri Mwalimu, ninafikiri diklofenaki ndiyo mhusika mkuu. Dawa za kundi hilo huzuia kemikali inayosababisha maumivu, lakini kemikali za jamii hiyo hiyo ndizo zinazolinda utando wa tumbo dhidi ya asidi. Mtu mwenye H. pylori anayetumia dawa hizo kila siku huwa katika hatari kubwa zaidi kuliko mwenye mojawapo peke yake, kwa hiyo #2 naye anaweza kuwa sahihi. Kumeza omeprazoli ya wiki moja moja kulituliza maumivu, kidonda kikaendelea kuchimba.

#17 Mvuvi wa Ukerewe

Kijana, sawa, lakini mishipa ya umio iliyopasuka nayo huleta choo cheusi, na mtu wa ziwani anaweza kuwa na vyote viwili. Tofauti ni kubwa, kwa sababu kidonda na mishipa havitibiwi kwa njia moja. Daktari aambiwe kwamba mgonjwa anaoga ziwani.

#18 Dereva wa Masafa

Ninaongeza jambo moja kwa wanaosoma kimyakimya. Mjomba wangu alisema ana kiungulia kikali baada ya chakula cha jioni, akaomba maji ya magadi. Alikuwa anatokwa na jasho jembamba na taya lilimuuma. Ulikuwa ni moyo, na hakufika asubuhi. Kiungulia chenye jasho, kifua kubanwa, au maumivu yanayokwenda mkononi au kwenye taya kipelekwe hospitali dakika hiyo hiyo.

#19 Mama wa Mapacha

Nesi, nilimpeleka jana. Amelazwa kwa ajili ya maji na lishe, na leo amenyonya vizuri. Asante.

#20 Mwalimu wa Ramani

Wakuu, ni siku ya tatu sasa. Ninaandika nikiwa kitandani, kwa hiyo mtanivumilia kama maelezo yatakuwa mafupi. Nilipofika wingi wa damu ulikuwa 6.8, ilhali mwanamume anatakiwa kuwa na 13 au zaidi. Nimeongezewa chupa mbili, moja ikiwa ya mwalimu mwenzangu, na ninachomwa dawa ya kupunguza asidi kwenye mshipa. Choo kimeanza kurudi kwenye rangi yake.

Ultrasaundi imeonyesha bandama imekuwa kubwa kidogo. Nilimwonyesha daktari bandiko #6 na #16, akasema yote mawili yanawezekana na kwamba hatachagua moja kabla ya kuona kwa macho. Nimeandikiwa kwenda hospitali ya rufaa Mwanza kwa kipimo cha kamera siku ya Jumatatu. Huko watachukua pia kinyama kidogo cha kupima H. pylori, ingawa ameonya kwamba kwa kuwa nimemeza omeprazoli na dawa nyingine juzi juzi, majibu ya kusema sina huenda yasiaminike na nitalazimika kurudia baadaye. Choo kitapimwa mayai ya kichocho kwa siku tatu mfululizo.

#21 Mzee wa Kahawa

Mungu ni mwema. Nitakuwa ninafungua uzi huu Jumatatu jioni.

#22 Kijana wa Maabara

Tunashukuru kusikia hivyo. Mimi bado ninasema ni kidonda, hata hiyo bandama inaweza kuwa ya malaria za zamani.

#23 Mvuvi wa Ukerewe

Na mimi bado ninasema bandama ya mtu wa ziwani isipuuzwe. Mayai yasipoonekana siku ya kwanza, msikubali ikaishia hapo.

#24 Mwalimu wa Ramani

Nina swali moja la mwisho kwa Mvuvi kabla simu haijazima. Mke wangu hufua ziwani, na watoto wangu wawili, wa miaka sita na mitatu, huenda naye kila Jumamosi. Hawalalamiki chochote. Je, nao wapimwe?

#25 Mvuvi wa Ukerewe

Wapimwe, Mwalimu. Kaka yangu naye hakuwa akilalamika. Wakikutwa nao, dozi ya prazikwanteli hukadiriwa kwa uzito, miligramu 40 kwa kila kilo, na humezwa baada ya kula. Yule wa miaka mitatu mwachieni daktari akadirie mwenyewe. Mwambie shemeji kwamba wiki hii maji ya kufulia yachotwe na yalale kwenye ndoo siku mbili kabla ya kutumika, na watoto wabaki nyumbani.